Kufiwa kwa Kiingereza

Siku mdogo wangu alipokuja shuleni kuniambia kwamba amefeli tena mtihani wa Kiingereza, nilikuwa nimetoka kufundisha kipindi cha mwisho cha kidato cha pili, na jambo pekee nililolitaka duniani lilikuwa kuvua viatu. Shule yetu iko Nyakato, nyuma ya viwanda. Mchana upepo ukigeuka, harufu ya mbegu za pamba zinazokamuliwa mafuta huingia madirishani na kung'ang'ania kwenye nguo mpaka jioni. Somo la siku hiyo lilikuwa lile lile ninalolifundisha kila mwaka: kitenzi gani cha Kiingereza kinataka kihusishi, na kipi hakitaki. Nilikuwa nimeandika "discuss" ubaoni, nikafuta "about" ambayo mwanafunzi mmoja alikuwa ameiongeza mbele yake, nikaeleza sababu, darasa zima likaitikia kwamba limeelewa. Kisha nikawaambia watunge sentensi. Karibu wote waliirudisha ile "about" pale pale nilipoifuta.

Nilimkuta mdogo wangu amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, bado amevaa sare yake ya uuguzi, sweta amelikunja mapajani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Vipi mbona huku?"

"Kusoma nimepita. Kusikiliza nimepita. Kuandika na kuzungumza nimefeli." Alisema hivyo kama anavyosoma majibu ya maabara. Kisha akaongeza, "Ni vile vineno vidogo, dada. Wananishika kwenye vile vineno vidogo."

Yeye ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja mjini. Mume wake alikuwa fundi wa majokofu katika kiwanda cha samaki. Aliugua ini mwaka juzi, akaondoka mapema kuliko tulivyotarajia, akamwachia mabinti wawili na nyumba ya Nyegezi ambayo haijapigwa plasta upande mmoja. Baada ya arobaini, mdogo wangu hakukaa sana kabla ya kuanza kuzungumzia kwenda kufanya kazi nje. Wauguzi wenzake wawili walikuwa wameshakwenda. Hospitali za huko zilikuwa tayari kumpokea, lakini sharti la kwanza lilikuwa ule mtihani, na hii ilikuwa mara yake ya pili kuufanya.

"Nifundishe wewe," akasema. "Wale wa mtandaoni wananichanganya."

Nilitazama viatu vyangu. Nilijua kwamba nikikubali, Jumamosi zangu zitakwisha. Nilijua pia jambo lingine ambalo hatukulisema wote wawili pale kwenye benchi. Mama yetu yuko Kisesa, miguu yake haimbebi tena vizuri, na sisi ndio tuliokuwa tukipokezana kwenda kumhudumia. Mmoja akiondoka, anayebaki hana wa kupokezana naye.

"Njoo Jumamosi," nikamwambia. "Au nitakuja mimi."

Nilikwenda mimi. Nyumba yake iko juu kidogo, kati ya yale mawe makubwa, na ukikaa barazani unaliona ziwa upande mmoja na mabati ya majirani upande mwingine. Tulikuwa tunaanza baada ya chakula cha mchana. Nilimwambia aniandikie sentensi kuhusu kazi yake, kwa kuwa niliona mazoezi ya vitabu yanamchosha. Akaandika kwamba alijadiliana na daktari kuhusu mgonjwa, akaweka "discussed about". Akaandika kwamba ndugu wa mgonjwa "demanded for" maelezo. Akaandika kwamba mkuu wa wodi "emphasized on" usafi wa mikono.

Nikafuta vile vihusishi vyote vitatu. Akaangalia karatasi yake kwa muda.

"Lakini 'demand for' ipo. Nimeisoma."

"Ipo, ikiwa nomino. Hitaji la kitu fulani, 'demand for'. Msisitizo juu ya jambo, 'emphasis on'. Ziara ya mahali, 'visit to'. Hofu ya kitu, 'fear of'. Ila ikiwa kitenzi, kinashika jambo lake chenyewe. Unadai maelezo. Unatembelea wodi. Unaogopa damu. Hapo katikati hakuna neno."

"Kwa hiyo neno ni lile lile. Likiwa kazini linajitosheleza, likikaa chini linahitaji wa kulishika."

"Unaweza kusema hivyo."

"Kama mimi nikitoka zamu," akasema, na hakuwa anatania sana.

Nilifurahi kuona ameshika. Wiki iliyofuata nikamletea "wait for" na "listen to", na furaha ikaishia hapo.

"Ulisema kitenzi kinajitosheleza."

"Vile vya wiki jana, ndiyo. Vingine navyo vinataka msaada."

"Vipi hivyo? Nitavijuaje?"

"Unavizoea."

Aliweka kalamu chini. "Dada, hilo ndilo jibu? Mimi nikimwambia mzazi kwamba dawa hii ataizoea tu, nitakuwa nimemtibu?"

Miaka yote niliyofundisha nimewaambia watoto wa watu kwamba watazoea, na wengi wao wamemaliza shule, wakaoa, wakafungua maduka, na hawajazoea. Hata mimi mwenyewe sikuwa mbali nao. Ndani ya wiki hiyo hiyo kwenye kikao cha walimu, ambacho kilivuka muda wake kama kawaida, nilisimama kuchangia, nikajisikia nikisema kwa sauti yangu ya darasani, "Let us discuss about this matter tomorrow." Hakuna aliyegeuza shingo. Mwalimu wa hesabu aliitikia kwa kichwa, maana naye alitaka kwenda nyumbani. Nilikaa chini, nikahisi uchovu fulani ambao usingizi hauutoi.

Nikajaribu njia nyingine. Nilimwambia kwamba tatizo si akili yake, bali ni kwamba sisi vihusishi vyetu tunavibeba ndani ya kitenzi. Tunasema kupika, kisha tunasema kupikia, na tayari kuna mtu anayesubiri kula. Kuhama ni kutoka, kuhamia ni kufika. Mtu analia, ukisema analilia, lazima kuna kitu anachokililia. Mwingereza hana nafasi hiyo ndani ya kitenzi chake, ndiyo maana analiweka lile neno nje, mlangoni. Sasa sisi tukikutana na kitenzi chake ambacho hakina kitu mlangoni, tunaona kama kimesahauliwa, tunakiwekea.

Hilo alilipenda. Alilirudia mara kadhaa, akachukua vitenzi vyake vya wodini akawa anavigeuza: kuzaa, kuzalia, kushona, kushonea. Nadhani ndiyo Jumamosi ya kwanza tuliyocheka. Wadudu wa ziwani walikuwa wametanda jioni hiyo kama moshi, tukalazimika kuingia ndani na kufunga madirisha, tukaendelea sebuleni huku binti yake mkubwa akiwafagia waliokufa.

Jumapili tulikwenda Kisesa pamoja. Mama alikuwa amekaa kwenye jamvi nje, anageuza michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha, juani kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameegemea. Alituangalia tukiingia tumefuatana, na nadhani aliona kwamba kuna jambo, kwa sababu siku za kawaida huja mmoja tu.

Tulimsalimia. Mdogo wangu akaenda kuchota maji ya kumwogeshea. Mama akasubiri afike nyuma ya nyumba, ndipo akaniuliza. Kiswahili chake kimejaa Kisukuma, na akiwa na hasira herufi zake hubadilishana nafasi zaidi.

"Nasikia unamfundisha Kiingeleza."

"Ndiyo, mama."

"Ili aende."

"Ili apasi mtihani."

"Akipasi ataenda."

"Ndiyo."

Aligeuza kiazi kimoja, akakigeuza tena upande ule ule kilipokuwa. "Kwa hiyo unamfundisha ili aniache."

Nilitamani kusema kwamba ataniacha mimi pia. Sikusema. Nilimwambia kwamba watoto wake wanahitaji kusoma, kwamba zamu za usiku zinammaliza, kwamba kila akipita korido ya hospitali anaona mlango ulikotolewa mwili wa mumewe. Mdogo wangu alirudi na ndoo, akasimama, akatutazama. Alikuwa amesikia.

"Mama, nikuambie?" akasema.

"Usiniambie. Kama unaenda, nenda. Mwaka mzima unakuja hapa unaniogesha, lakini akili yako iko huko. Mimi mwenyewe nimechoka kuogeshwa na mtu aliyekwisha ondoka." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mfundishe akajua. Usimfundishe nusu nusu akawa anakwenda anafeli, anakwenda anafeli. Hiyo ndiyo inaniumiza."

Tulimwogesha wote wawili. Njiani kurudi, mdogo wangu aliangalia nje dirishani mpaka tulipoingia mjini.

Zilibaki Jumamosi chache kabla hajaurudia mtihani. Kuandika kulikuwa kumekaa sawa, kwa hiyo tukashughulikia kuzungumza. Mimi nilikuwa mtahini. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikajifanya simjui, nikamwuliza kwa Kiingereza kuhusu kazi yake, mji wake, chakula anachokipenda. Alijibu vizuri. Alisema "I visited Bukoba" bila kuongeza kitu. Alisema "I was waiting for the bus" na hakukidondosha kile kineno. Kisha nikamwuliza kuhusu familia yake, kwa sababu mtihani wa aina hiyo haukosi swali la familia.

Alianza vizuri. Ana mabinti wawili, mmoja yuko sekondari. Halafu akasema, "My husband," akasimama. Akajaribu tena. "I was died by my husband."

Niliacha utahini. "Hapana. Sema 'My husband died.' Basi."

"Hiyo inamhusu yeye."

"Ndiyo, si yeye aliyefariki?"

"Ndiyo, lakini mimi niko wapi?" Aliuliza kwa utulivu kabisa. "Mimi nimefiwa, dada. Kwenye hiyo sentensi yako mimi sipo. Amekufa tu, kama mtu wa kwenye redio."

Nilimpa "I lost my husband", ambayo wao huisema sana. Akaitafakari, akatikisa kichwa.

"Nimempoteza? Kama funguo? Sikumpoteza. Nilikuwa nimemshika mkono."

Nikampa neno la magazeti na matangazo ya kanisani, "bereaved". Alilijaribu. Sisi wa huku ulimi wetu una mambo yake, na yeye akiwa amechoka anafanana na mama. Likatoka "believed". "I was believed." Nikamsahihisha, likatoka hivyo hivyo. Mara ya tatu tukaanza kucheka, kicheko cha watu waliochoka, kile kinachokushika tumboni na hakina furaha ndani yake. Binti yake mdogo alichungulia mlangoni kuona kulikoni, akarudi ndani.

Tulipotulia aliniuliza, "Kwa hiyo hawana kufiwa?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kuwa mwalimu. Nilimwambia kwamba ipo njia moja ya kusema, yenye kihusishi: "He died on me." Ile "on" inamweka yule aliyebaki ndani ya sentensi. Lakini nikamwonya haraka kwamba si lugha ya mtihani. Ni maneno ya barazani, na yana lawama ndani yake. Mtu huyasema hata gari likimzimikia njiani, au simu ikiisha chaji katikati ya mazungumzo. Maana yake ni kwamba umenifanyia hivi mimi, wakati nilikuwa nakutegemea.

Mdogo wangu aliacha kutabasamu. Aliangalia upande wa ziwa.

"Died on me," akasema polepole.

"Usiitumie kwenye mtihani."

"Ndiyo hiyo," akasema. "Dada, ndiyo hiyo hasa. Mimi kila siku namlaumu na sikuwa na pa kusemea. Aliniambia anaumwa tumbo. Mimi ni muuguzi, yeye akaniambia ni tumbo tu, akawa anakunywa dawa za duka. Akanifia."

Kisha akalia. Msibani hakuwa amelia hivyo. Msibani alikuwa akiwapangia watu viti na kuuliza nani hajala. Sikumsogelea mara moja, kwa sababu simjui mdogo wangu kama mtu wa kukumbatiwa, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kuinuka kwenye kile kiti kuliniomba nguvu. Lakini niliinuka. Nikakaa kando yake kwenye ngazi, tukakaa hivyo mpaka mtu wa jirani alipokuja kuomba kiberiti.

Mtihani aliufanyia katika ofisi moja katikati ya mji, ghorofani. Kusoma, kusikiliza na kuandika walifanyia kwenye kompyuta, na mtahini wa kuzungumza alikuwa mwanamke aliyeko mbali, akionekana kwenye kioo. Nilimsubiri chini, kwenye duka la vitambaa, mwenye duka akanipa kiti bila kuniuliza nasubiri nini.

Aliposhuka, sikuweza kusoma uso wake.

"Ameniuliza familia," akasema.

"Ukasema?"

"Nimesema 'He died on me.'"

Nilifumba macho. "Nilikukataza."

"Najua. Nilikuwa nimepanga kusema ile yako fupi. Mdomo ukakataa."

"Yeye akasemaje?"

"Alinyamaza. Halafu akasema 'I'm sorry', akaniuliza swali la pili, kuhusu hali ya hewa ya Mwanza." Alifikiria kidogo. "Nadhani alinielewa. Sijui kama alinipa alama, lakini alinielewa."

Majibu yalipokuja alikuwa amepita sehemu zote. Hatukujua alama za ile sentensi zilikuwa ngapi, na hakuna namna ya kujua. Alinipigia nikiwa darasani, nikatoka nje kupokea, nikamsikia akipumua tu upande wa pili kabla ya kuniambia. Nilimpongeza. Nilirudi darasani nikamalizia kipindi, na sikumbuki nilichokifundisha.

Mambo ya safari yalikwenda haraka kuliko tulivyozoea mambo kwenda. Tulikubaliana kwamba mabinti watakaa kwangu mpaka atakapoweza kuwachukua. Alifunga nyumba ya Nyegezi, akampa jirani ufunguo wa geti. Asubuhi ya kuondoka tulitembea kwa miguu mpaka stendi, maana ni karibu, mabinti wakiburuta begi kubwa kwa zamu, mimi nimebeba kapu la chakula cha njiani. Alikuwa anapanda basi la Dar ili akachukue ndege huko. Wapiga debe walitupokea kwa kelele zao, wakitaka kutupeleka kwenye mabasi ambayo si yetu.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia. Badala yake nilimwambia aweke pasipoti karibu na mwili na asikubali kuwekewa begi juu ya paa. Alinikubalia kila kitu. Aliwakumbatia wanawe, akapanda, akakaa upande wa pili wa basi ambako hatukuweza kumwona. Binti mdogo alizunguka nyuma ya basi kwenda kumpungia. Mkubwa alibaki na mimi, ameshika mpini wa kapu tupu. Chakula mama yake alikuwa amekihamishia kwenye mkoba.

"Mama mkubwa," akaniuliza, "leo pia kuna shule?"

"Ipo. Twende."

Sasa ni muhula wa pili tangu aondoke. Jumamosi sina tena masomo ya barazani, nakwenda Kisesa. Naondoka mapema na binti mmoja, mwingine anabaki kufua. Tunamtoa mama nje, tunamwogesha, tunamkanda miguu kwa mafuta, tunampikia chakula cha siku mbili, na mtoto wa jirani wa kike hulala naye katikati ya wiki. Jumapili jioni narudi na madaftari ya kidato cha pili yananingoja mezani. Wameandika "discuss about". Nazungushia duara, nageuza ukurasa.

Mdogo wangu hupiga simu Jumamosi mchana, anapojua niko kwa mama. Kwanza tunazungumza wawili. Anasema baridi inamwingia kwenye mifupa, wagonjwa wake ni wazee, na wengine humwita kwa jina la muuguzi mwingine. Anasema wenyeji wanaongea haraka wanameza maneno, na vihusishi vingine hata havisikiki. Nikimuuliza kama anakula, anasema anakula. Nikimuuliza kama analala, anaulizia wanawe.

Kisha anamtaka mama. Mama hajazoea kushika simu. Anaitazama kama kitu kinachoweza kumwagika. Kwa hiyo naishika mimi, naibana kwenye sikio lake, nachuchumaa kando ya jamvi. Mama hamuulizi kuhusu kazi wala kuhusu kurudi. Anamuuliza leo amekula nini, na nani amepika, na kama huko mvua imenyesha. Halafu anasikiliza kwa muda mrefu, midomo yake ikitembea kidogo, na mimi sisikii kinachosemwa.

Jumamosi iliyopita walizungumza mpaka bega langu likafa ganzi. Nilitaka kuwaambia wamalize. Mama alikuwa amefumba macho, anaitikia, "Ehe. Ehe, mwanangu. Ehe." Nikabadilisha mkono.